Moshi Uliotoka Ardhini

Mara ya kwanza kufika Nicodemus, mji mdogo wa jimbo la Kansas, Marekani, niliipita bila kujua kama nimeipita. Ilikuwa saa nne usiku, mwisho wa mwezi wa sita, wakati ngano ya Kansas imeiva na kila mwenye shamba anahangaika kuivuna kabla mvua ya mawe haijailaza chini. Kazi yangu ni kuendesha lori la nafaka. Kombaini ikijaza, mimi napeleka mzigo kwenye vihenge, napima, namwaga, narudi. Usiku ule nilikuwa natokea Stockton kuelekea magharibi kwa barabara namba 24, na maelekezo niliyopewa yalikuwa mafupi: ukishapita Nicodemus, hesabu maili mbili, kata kulia.

Mimi ni mtoto wa Mpwapwa, Tanzania. Kwetu mji haukufichi kwamba umefika. Kwanza tuta linakutikisa, kisha taa ya duka, kisha mtu wa chipsi na pikipiki zimejipanga. Nikasubiri dalili za namna hiyo. Giza likaendelea, vimulimuli vya minara ya upepo vikawaka kwa mbali, na nikajikuta naingia Hill City, kilomita kama 20 mbele. Nikampigia msimamizi wangu nikamuuliza, Nicodemus iko wapi? Akajibu kwamba nimeshaiacha nyuma zamani.

Asubuhi yake, foleni ya mizani ilikuwa ndefu na mashamba bado yana umande, nikapata nafasi ya kurudi kuiona kwa jua. Nikaona ukumbi wa mawe ya chokaa, kanisa dogo, kanisa jingine, nyumba chache zilizoachana, na nyasi katikati yake. Nilimkuta mama mmoja mtu mzima, mweusi kama mimi, anamwagilia maua mbele ya nyumba yake. Nikamsalimu kwa adabu, nikamweleza nimepotea usiku, kisha nikamuuliza swali ambalo mpaka leo nikilikumbuka moyo unanisuta. Nikamuuliza mji wenyewe uko wapi.

Akafunga maji. Hakukasirika, ila alinitazama kwa muda. Akaniambia umesimama ndani yake. Halafu akasema swali hilo si mimi wa kwanza kuliuliza, lina umri wa zaidi ya miaka 140, na aliyelitoa kwanza alikuwa mwanamke aliyefika hapa mgonjwa, kwa gari la kukokotwa, akitokea Kentucky. Jina lake Willianna Hickman.

Habari ya Willianna nimekuja kuisikia mara nyingi baadaye, kwa sababu hapo kila mtu anaijua kama sisi tunavyojua habari za babu aliyeanzisha kijiji. Alifika majira ya kuchipua ya mwaka 1878 pamoja na mumewe, mchungaji Daniel Hickman, na waumini wao. Walishuka treni mji wa Ellis, safari ya kilomita kama 55 kutoka hapo, na watoto wakiwa wameshashikwa na surua; wengine waliwazika. Kutoka Ellis wakakata mbuga isiyo na barabara kwa siku mbili. Wanaume walipopaza sauti kwamba Nicodemus ile pale, Willianna alitazama kwa macho yake yote na hakuona kitu. Akauliza iko wapi. Mumewe akamwonyesha vimoshi vinavyotoka ardhini, akamwambia ndiyo Nicodemus. Watu walikuwa wanaishi chini, kwenye mashimo yaliyochimbwa kando ya miteremko. Willianna akalia.

Yule mama aliponisimulia hayo nilikuwa nimeshika kofia mkononi. Sikujua la kusema, nikamwomba radhi. Akaniambia nisiombe radhi, nirudi mwisho wa mwezi wa saba.

*

Kabla ya kurudi, nilitaka kwanza kuelewa kwa nini nilipotea. Mtu anayejua kuendesha kutoka Gairo hadi Singida usiku kwa kuhesabu milima hapaswi kupotea kwenye barabara iliyonyooka. Lakini ndiyo shida yenyewe. Ardhi ya Kansas ilipimwa kwanza, watu wakaja baadaye. Serikali ya Marekani ilichora miraba ya maili sita kwa sita, ndani ya kila mraba vipande 36, kila kipande maili moja kwa moja, yaani ekari 640. Barabara za mashambani zinafuata mistari hiyo. Njia ya kwetu inazunguka mwamba, inapita kwa mwenye kisima, inakwepa kaburi. Ya huku haikwepi kitu. Kila pembe inafanana na nyingine. Anayekaa hapo anajua kwa kuhesabu, na mgeni asiyehesabu anapotea.

Kipande cha ekari 640 kikigawanywa mara nne unapata ekari 160, na hiyo ndiyo namba iliyowaleta watu. Sheria ya mwaka 1862 ilisema atakayekaa na kulima ekari 160 kwa miaka mitano, akalipa ada ndogo, zinakuwa zake. Fikiria maneno hayo yanamfikia mtu wa Kentucky aliyezaliwa mtumwa, aliyefanya kazi kwenye mashamba ya katani na tumbaku ya mtu mwingine, akaachwa huru bila hata kiwanja. Mwaka 1877 askari wa serikali kuu waliondolewa katika majimbo ya Kusini, na waliokuwa mabwana wakarudi kushika madaraka. Mwaka huohuo mzungu mmoja kutoka Indiana, W. R. Hill, na mchungaji mweusi W. H. Smith wakaungana na wenzao kupima mji kando ya mto Solomon, tawi la kusini, na matangazo yakasambazwa Kentucky. Septemba ile walifika watu wapatao 300 kwa pamoja.

Tangazo halikusema kwamba hakuna miti. Halikusema kuhusu upepo. Wala halikueleza jambo ambalo mimi, kama mtoto wa nchi kame, ningeliuliza kwanza: mvua ni kiasi gani? Graham County, wilaya ilipo Nicodemus, hupata zaidi kidogo ya milimita 500 kwa mwaka, karibu sawa na Dodoma. Imelala hapo ambapo nchi ya Marekani inaanza kukauka ukielekea magharibi. Ekari 160 zinatosha Indiana. Hapa, mwaka mbaya ukija, ekari 160 ni njaa pana.

Baadhi ya familia ziligeuka siku zilezile. Waliobaki walikuwa na farasi wa kuhesabu, wakavunja ile ardhi iliyofungwa na mizizi kwa jembe na sepeto. Wazee wa hapo husimulia kwamba majira ya baridi ya kwanza waliokolewa na Waosage waliokuwa wakirudi kutoka kuwinda, wakawagawia nyama. Nimeisikia habari hiyo kwa watu watatu tofauti, na kila mmoja aliisimulia akiwa amepunguza sauti. Waosage wenyewe walikuwa watu walionyang'anywa nchi hiyohiyo ya Kansas.

Hayo mashimo yaliyomliza Willianna, kwa mtu wa kwetu si kitu cha ajabu. Mgogo amejenga tembe miaka na miaka: fupi, paa la udongo, unaingia umeinama, ndani kuna baridi mchana na joto usiku. Upepo wa Ugogo ukivuma, tembe inakaa kimya. Nilimweleza mzee mmoja hapo Nicodemus kuhusu tembe, nikamchorea kwenye karatasi, miti ya paa na udongo juu yake, na ng'ombe wanalala upande gani. Aliichukua ile karatasi akaikunja akaiweka mfukoni. Akaniambia maisha yake yote amesoma kwamba bibi zake waliishi kama wanyama ardhini, na kwamba leo ndiyo mara ya kwanza mtu anamwambia nyumba ile ina jina.

*

Miaka michache baadaye mashimo yaliachwa. Zikaja nyumba za mabonge ya udongo wenye nyasi, kisha za mbao na mawe. Zachary Fletcher akafungua posta, na mkewe Jenny akafundisha shule. Kijana aliyeitwa Edward McCabe, aliyefika mwaka 1878, akawa karani wa wilaya, na mwaka 1882 akachaguliwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima la Kansas. Mtu mweusi, kwa kura, miaka 17 tu baada ya utumwa kufutwa. Pakawa na maduka, hoteli na makanisa, hata magazeti mawili, Western Cyclone na Nicodemus Enterprise.

Kilichobaki kilikuwa reli.

Hapa ndipo nilipoacha kusoma habari za Nicodemus kama habari za watu wengine. Mwaka 1887 wananchi wa Nicodemus walipiga kura kujifunga deni la dola 16,000 ili kampuni ya Missouri Pacific ilete njia kwao. Watu waliotoka kwenye mashimo miaka kumi kabla. Kampuni ikaja kupima, ikaondoka. Mwaka uliofuata Union Pacific ikajenga njia yake upande wa kusini wa mto, kilomita chache tu kutoka hapo, na kambi ya wajenzi ikageuka mji unaoitwa Bogue. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakahamia huko. Wengine walibeba mpaka majengo yao, wakayakokota kuvuka mto. Hill naye, yule mwenye matangazo, alikuwa ameanzisha mji mwingine magharibi, Hill City, wenye jina lake. Huo reli ikaufikia, na ndiyo makao makuu ya wilaya mpaka leo.

Usiku niliosoma habari hiyo nilimpigia mjomba wangu Mpwapwa. Huku ilikuwa saa tatu usiku, kwao alfajiri inapasuka.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema, kuna heri?"

Nikamwambia heri, nina swali tu: kwa nini reli haikupita kwetu? Alicheka, akakaa vizuri, nikasikia kiti kinalia. Akanisimulia alivyosikia kwa baba yake. Misafara yote iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilikuwa inapumzika Mpwapwa, kwa sababu kulikuwa na maji na chakula, na mbele yake ni Marenga Mkali, nyika isiyo na maji ya kunyweka. Wamisionari wakaja, Wajerumani wakajenga ngome. Mpwapwa ilikuwa na jina wakati Dodoma haijawa kitu. Kisha reli ya kati ikaanza Dar es Salaam mwaka 1905, na ilipofika upande wetu ikapita kusini, Gulwe, ikatuacha. Mwaka 1910 ilikuwa imefika Dodoma. Babu alikuwa anatembea na gunia la karanga kichwani kwenda Gulwe kuipata treni.

"Mji ni kama mto, mwanangu," akasema mjomba. "Ukihamishwa mkondo, samaki hawakusubiri."

Nimeishi na Mpwapwa miaka 24 kabla sijaondoka. Nilikulia nikiiona ni mji uliochelewa, kana kwamba watu wake ni wazito. Hakuna aliyenifundisha kuuliza nani alichora mstari, na aliuchora kwa hesabu gani. Ilibidi nipotee Kansas.

*

Nilirudi wikiendi ya mwisho ya mwezi wa saba. Sikuutambua mji. Magari yalikuwa yamejaa mpaka kwenye nyasi, yenye namba za California, Colorado, Texas. Mahema, watoto wanakimbizana, moshi wa nyama kila upande, na kila familia na fulana ya rangi yake yenye jina la ukoo mgongoni. Mji ambao wakazi wake hawafiki 20 ulikuwa na mamia ya watu, na wote waliongea kama watu walioko kwao.

Sikukuu hiyo ni ya zamani karibu sawa na mji wenyewe. Waanzilishi walichagua kuadhimisha tarehe 1 Agosti, siku watumwa wa visiwa vya Karibi vilivyotawaliwa na Uingereza walipotangaziwa uhuru mwaka 1834. Ukisema ni sherehe ya ukoo, umesema kidogo. Nilichokiona ni baraza. Waliozikwa wanatajwa, waliozaliwa wanaonyeshwa, wanaouza mashamba wanaulizwa kwa nini, na kijana anayesoma chuo anaitwa mbele aeleze anasoma nini. Kuna gwaride, kuna ibada, na kuna yule mama wa maua, anayetembea na daftari la nasaba ambalo hakuna anayeruhusiwa kuligusa akiwa na mikono ya mafuta.

Kwa nini waliondoka hao waliorudi? Niliuliza, na majibu yalikuwa ya kila aina, lakini yote yalianzia kwenye ardhi. Miaka ya 1930 vumbi lilifunika mashamba, bei ya ngano ikaanguka, na mabenki yakachukua mali. Mwaka 1939 walijenga ule ukumbi wa mawe chini ya mpango wa serikali wa kuwapa watu ajira, jengo zuri, na bado vijana waliendelea kuondoka. Mwaka 1953 posta ikafungwa. Mashine nazo zilikua: kazi iliyotaka familia kumi sasa inafanywa na kombaini moja na mtu kama mimi kwenye lori. Hilo nililisikia mbele ya watu na sikuwa na pa kutazama, maana mkate wangu unatoka humohumo.

Wanaolima wamebaki wachache, lakini wapo. Walinipeleka kuona mtama wao. Kansas inaongoza Marekani yote kwa mtama, mfupi, unafika kiunoni, na ukiiva kichwa chake ni chekundu kimeshikana. Nilivunja jani nikalisugua mkononi, nikalinusa. Harufu ileile. Huku wanalisha ng'ombe na kutengeneza mafuta ya magari. Nilipowaambia kwetu ndiyo ugali, na kwamba mmea huu asili yake ni Afrika, mkulima mmoja akaniambia anajua, ndiyo sababu haachi kuupanda hata bei ikianguka. Wapo pia waliojaribu tefu, nafaka ya Waethiopia.

Jioni ya Jumamosi mzee yule niliyemchorea tembe aliniuliza swali mbele ya wajukuu zake. Aliuliza kama misafara ya watumwa ilipita kwetu.

Ningeweza kusema watumwa wa kwetu walikwenda pwani, Unguja na Uarabuni, hawakwenda Kentucky, na ingekuwa kweli. Lakini hakuuliza hivyo. Nikamwambia ndiyo, ilipita. Mpwapwa ilikuwa kituo. Watu wakiwa wamefungwa shingoni walipita palepale ninapopajua, wakielekea Bagamoyo. Na watu wa upande wetu, Wagogo, walitoza misafara hongo, yaani ushuru wa njia, ili ipite, wakaiuzia maji na nafaka. Wengine wetu walichukuliwa, na wengine wetu waliuza chakula. Nilimwambia sijawahi kulisema hili kwa sauti. Nyumbani halisemwi mezani.

Mzee alinyamaza. Watoto walinyamaza. Kisha akaniuliza maji yale yalikuwa ya kisima au ya mto. Nikamwambia sijui. Akasema, basi uliza.

Jumapili, baada ya ibada, waliniomba nitoe neno kwa lugha yangu. Methali ya kwanza iliyonijia ulimini, ile tunayoambiwa tangu utotoni, ni mwacha asili ni mtumwa. Ilifika kwenye meno nikaimeza. Mbele yangu walikaa vitukuu vya watu waliofanywa watumwa bila wao kuacha asili yoyote, walinyang'anywa. Nimeitumia methali hiyo maisha yangu yote na sitaitumia tena. Nikasema badala yake, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, nikawaeleza kwamba ni maneno ya mabaharia wa pwani yetu: hata ukienda shetri, nyuma ya chombo, hata ukienda gubeti, mbele yake, utarudi palepale maji yanapokusanyika chini ya chombo. Yule mama wa maua aliniomba niirudie pole pole, akaiandika kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari lake la nasaba.

Nina likizo mwezi wa kumi na mbili. Nimeshamwambia mjomba kwamba sitaki kuchukuliwa na gari Gulwe. Nataka tutembee, njia aliyopita babu na gunia lake, na njiani anionyeshe misafara ilikokuwa inalala na maji waliyokuwa wanauziwa yalitoka wapi. Amekubali, ila amesema magoti yake si ya zamani, kwa hiyo tutaanza alfajiri kabla jua halijakaza, na nibebe maji ya watu wawili.